Ugonjwa Upi Utangulie?

Katika kila nchi maskini, na hata katika nchi tajiri, fedha za kuwatibu watu hazilingani na maradhi yao. Pakiwa na shilingi moja na maradhi kumi, sharti mtu fulani aamue ni ugonjwa upi utangulie na ni upi ungoje. Uamuzi huo ni mzito kuliko unavyoonekana, kwa maana ugonjwa ulioambiwa ungoje haungoji, huendelea kuua. Vitabu vingi vya historia hutusimulia habari za hospitali zilizojengwa na dawa zilizovumbuliwa, lakini ni vichache vituambiavyo nani aliyechagua ugonjwa wa kupigwa vita kwanza, na alichagua kwa ushahidi gani. Swali hilo ndilo ninalotaka tulifuate hapa, msomaji, toka zama za ukoloni mpaka zama zetu.

Tuanzie Kachibora. Ni mji mdogo wa soko, upande wa mashariki wa Kitale, katika mashamba ya mahindi yanayopanda polepole kuielekea milima ya Cherang'ani. Wakati wa ukoloni nchi hii ya Trans-Nzoia ilikuwa ya walowezi. Reli ilifikishwa Kitale mwaka 1926 ili ichukue mazao yao, na Waafrika walio wengi waliishi katika mashamba hayo kama vibarua. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba yalinunuliwa na serikali, na vyama vya ushirika, na makundi ya wananchi waliochanga fedha zao, na watu wakaja kutoka pande nyingi: Wabukusu kutoka Bungoma, Wakalenjin wa namna mbalimbali, Wakikuyu, Waturkana, na wengineo. Wasengwer walikuwako milimani tangu zamani. Basi mtu akijenga nyumba yake, jirani wa kulia aweza kuwa na lugha yake na wa kushoto na yake, na kila mmoja amekuja na jina lake la homa na mganga wake anayemwamini. Mahali kama hapo hapana baraza moja la wazee wa ukoo ambalo likisema neno, neno limekwisha. Kupatana juu ya ugonjwa utakaotangulia huwa ni kazi ya siasa kama ilivyo kazi ya utabibu.

Serikali ya kikoloni haikujisumbua na mapatano ya namna hiyo. Iliamua, ikaamuru. Na haki yatutaka tukiri kwamba mara nyingine iliamua vema. Katika bonde la Kodera, huko Nyanza, walikuwako watu wengi waliopofuka kwa sababu ya nzi mdogo mweusi aitwaye usubi, akaaye karibu na mito yenye maji yaendayo kasi. Anapomwuma mtu humtia vijidudu vya minyoo ambavyo baada ya miaka hufika machoni. Mwaka 1946 Daktari Garnham na mtaalamu wa wadudu, Bwana McMahon, walitia dawa ya DDT katika mito ya bonde hilo, na yule nzi akatoweka. Jambo la ajabu ni kwamba wakati ule hakuna aliyejua mahali mabuu ya usubi huyo yanapokaa. Walitafuta majini juu ya mawe na majani wasiyaone. Ilikuwa mwaka 1950 ndipo McMahon na mwenzake van Someren walipogundua kwamba mabuu hayo hushikamana na mwili wa kaa wa mtoni, nao kaa huyachukua huku na huku. Kazi ile ikaendelezwa mpaka mito ya upande wa Kakamega na Kaimosi, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha usubi wa aina hiyo alikuwa amekomeshwa katika Kenya. Watoto waliozaliwa kando ya mito hiyo baadaye wamekua na macho yao.

Ushindi huo ulipatikana bila ya mwanakijiji hata mmoja kuulizwa maoni yake. Je, si kweli basi kwamba kuuliza ni kupoteza wakati? Hapana. Yatupasa kutazama ni adui wa namna gani aliyekuwa akipigwa vita. Usubi alikaa mtoni, na mto hauna maoni. Mtu mmoja mwenye pipa la dawa aliweza kufanya kazi yote. Choo hakijengwi hivyo. Serikali ile ile ilipoamuru watu wachimbe vyoo vya shimo, vyoo vilichimbwa kwa kuogopa faini, na vingi vikageuka ghala au vikaachwa vikamezwa na nyasi bwana afya alipokwisha kuondoka. Mwenye nyumba alikuwa amechimba ili asishtakiwe. Kuhusu safura na kuhara damu hakuelezwa lolote alilolisadiki. Kuna maradhi yanayoondolewa na mtaalamu peke yake, na kuna maradhi yasiyoondoka mpaka mwenye nyumba mwenyewe akate shauri, tena alikate kila siku asubuhi. Haya ya pili ndiyo mengi.

Jirani zetu wa Tanzania walilijaribu jambo hili kwa ukubwa ambao hata sasa hustaajabisha. Mwaka 1973 palianzishwa kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi kiasi cha 75,000 walifundishwa, na watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, kila juma, kwa majuma 12. Walisikiliza mazungumzo, wakasoma kijitabu au wakasomewa na yule ajuaye kusoma, kisha wakaulizana: je, ugonjwa huu uko kwetu? Waletwa na nini? Tutafanya nini juma hili? Malaria, safura, kuhara, kichocho na kifua kikuu ndiyo yaliyozungumzwa. Msomaji mwepesi ataona kasoro mara moja, yaani orodha ya maradhi ilitungwa Dar es Salaam, wala si kijijini. Ni kweli. Lakini kazi ya kutenda ilichaguliwa kijijini, na vyoo vilivyochimbwa mwaka ule vilihesabiwa kwa malaki. Safari hii palikuwa na mazungumzo kabla ya jembe.

Katika Kenya, hatua iliyofuata ilitoka kwa mwanamke mmoja wa Kakamega. Daktari Miriam Were alizaliwa huko mwaka 1940. Huenda baadhi yenu mmezisoma hadithi zake, kwani kabla ya kuwa tabibu alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari, naye ni mtungaji wa vitabu. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1973, akafundisha huko habari za afya ya jamii. Katika miaka ya 1970 iliyosalia alirudi katika wilaya ya Kakamega kwa msaada wa Unicef, akaanza kazi kwa njia iliyokuwa kinyume cha desturi. Hakwenda na orodha. Alikaa na watu vijijini awasikilize wataje wenyewe taabu zao, wazipange, kisha wamchague mtu wao wa kufundishwa, yaani mtu wanayemjua, wanayeweza kumgongea mlango usiku. Mwaka 1982 aliyoyajifunza yalichapishwa kuwa kitabu cha mwongozo. Mwaka 2008 serikali ya Japani ilimpa tuzo kubwa yenye jina la Hideyo Noguchi, naye alikuwa miongoni mwa wawili wa kwanza kuipokea.

Kilichosikika Kakamega kilikuwa kikisikika duniani pia. Mwezi wa Septemba mwaka 1978 wajumbe wa serikali 134 walikutana katika mji wa Alma-Ata, ambao siku hizo ulikuwa katika Muungano wa Kisovieti na siku hizi huitwa Almaty, katika Kazakhstan. Walitangaza kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kuipanga na kuitekeleza kazi ya afya yao. Haukupita hata mwaka mmoja kabla ya wataalamu wengine kutoa shaka. Walisema: maneno hayo ni mazuri, lakini fedha ni chache, heri tuhesabu ni maradhi gani yauayo watu wengi zaidi na yatibikayo kwa bei rahisi, tuyashughulikie hayo machache, mengine yangoje. Tangu hapo pamekuwako makundi mawili: wale wasemao tuulize walio hai, na wale wasemao tuhesabu waliokufa.

Kila kundi lina kesi yake katika nchi zetu, na ni vizuri kuzitazama zote mbili bila upendeleo.

Kesi ya kwanza ni Saradidi, katika Asembo, nchi ya Siaya. Toka mwaka 1979 watu wa huko, pamoja na Daktari Dan Kaseje, waliunda mpango wao wa afya na maendeleo. Vijiji vilichagua wasaidizi wao wa kujitolea, na wasaidizi hao wakagawa dawa ya klorokwini kwa wenye homa ya malaria karibu na nyumbani, mtu asihitaji kutembea maili nyingi mpaka zahanati. Watu waliipenda kazi hiyo, wakaitumia. Lakini matokeo yalipochapishwa mwaka 1987, hesabu ya vifo haikuonyesha kwamba ugawaji ule wa dawa ulikuwa umevipunguza. Hili ni jambo gumu kulimeza. Watu walishauriwa, walichagua, walifanya kazi kwa moyo, na kaburi halikujali. Mimi huwasomesha wanachuo wangu habari hii kwa makusudi, kwa sababu kijana aendaye kufundisha kijijini akidhani kwamba ushauri mwema peke yake huponya, atavunjika moyo mapema. Maoni ya watu hukuambia watakubali kufanya nini. Hayakuambii kama dawa yenyewe ina nguvu ya kutosha. Hilo sharti lipimwe.

Kesi ya pili ni ya wilaya mbili za Tanzania, Rufiji na Morogoro Vijijini, zilizokuwa na watu kiasi cha 700,000 kwa jumla. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa taarifa iliyodai kwamba nchi maskini zingeweza kuokoa maisha mengi kwa fedha kidogo, mradi zitumiwe mahali penye maradhi makubwa. Wizara ya Afya ya Tanzania, pamoja na shirika la utafiti la Kanada, ikaamua kulipima neno hilo kwa vitendo. Watu walitumwa kwa baiskeli kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza: katika miezi iliyopita, nani aliyeugua humu, nani aliyekufa, na alikufaje? Swali hilo lahitaji adabu kubwa. Muulizaji huketi, husikiliza, hungoja mama amalize kulia, kisha huandika.

Kilichopatikana kiliwatahayarisha wapangaji. Huko Morogoro malaria peke yake ilikuwa ikichukua kiasi cha asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, lakini katika bajeti ya mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 tu ya fedha. Maradhi ya watoto wadogo, kama vichomi na kuharisha, yalikuwa asilimia 28 ya mzigo wote, yakapewa asilimia 13. Kwa upande mwingine kifua kikuu, kilichochukua chini ya asilimia 4 ya mzigo, kilipata asilimia 22 ya fedha. Si kwamba maofisa walikuwa wabaya au wezi. Walikuwa wakifuata bajeti ya mwaka uliopita, nayo ilifuata ya mwaka uliotangulia, na juu yake wahisani kila mmoja alikuwa na ugonjwa wake aupendao. Hapakuwa na mtu aliyewahi kuliweka daftari la vifo kando ya daftari la fedha akayasoma yote mawili kwa pamoja.

Walipofanya hivyo, mengi yalibadilika. Maofisa wa wilaya walipewa michoro rahisi iliyoonyesha kwa mistari ukubwa wa kila ugonjwa na ukubwa wa fungu lake la fedha. Waliongezewa fedha, lakini nyongeza waliyoweza kuitumia ilikuwa kiasi cha senti 80 za dola ya Marekani kwa kila mtu kwa mwaka. Wauguzi wakafundishwa kumtazama mtoto mgonjwa mzima mzima badala ya kutafuta ugonjwa mmoja tu. Vyandarua vyenye dawa vikahimizwa. Wanavijiji nao walitia mikono yao katika kukarabati zahanati zilizokuwa zikibomoka. Katika miaka michache vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Sitaki msomaji aamini kwamba michoro ndiyo iliyowaponya watoto hao. Mambo mengi huenda pamoja. Walakini ni vigumu kusema kwamba haikuwa na sehemu yake.

Je, ikiwa hesabu ina uwezo huo, kuna haja gani tena ya kuuliza maoni? Mimi naona iko, na sababu yake ni hii. Mfu huhesabiwa mara moja, lakini taabu nyingi haziui. Mwanamke achotaye maji nusu ya siku hatumwoni katika daftari la vifo. Wala daftari halisemi kwa nini mama mjamzito alichelewa: je, ni barabara iliyojaa tope mwezi wa Agosti, ni nauli ya pikipiki, au ni maneno ya ukali aliyoambiwa na muuguzi safari iliyopita? Na tena, maswali yenyewe hutegemea unamuuliza nani. Huwapa wanachuo wangu zoezi moja. Wachore ramani ya kijiji ardhini kwa kijiti, kisha wawaite wazee wa kiume waonyeshe mahali penye hatari kwa afya. Baadaye waifute ramani na kuwaita akina mama peke yao, na mwisho vijana. Yafaa kila kundi liitwe mbali na mengine, kwa maana mbele ya wazee akina mama huitikia kwa kichwa tu. Ramani tatu zikiwekwa pamoja ndipo mazungumzo yanapoanza, na mara nyingi ndipo ugomvi unapoanza pia. Ugomvi huo si wa kuogopwa. Wapangaji wa Morogoro walikaa miaka mingi bila ugomvi wowote.

Katika Kenya njia hizi mbili zilijaribiwa kuunganishwa mwaka 2006, serikali ilipotoa mkakati wa afya ya jamii. Nchi iligawanywa katika sehemu za watu kiasi cha 5,000, na kila sehemu ikawa na wahudumu wake waliochaguliwa na wakazi. Mhudumu huandika nyumba zake: ngapi zina choo, watoto wangapi wamechanjwa, akina mama wangapi wamejifungulia hospitalini, nani amefariki. Hesabu hizo huandikwa katika ubao wa chaki uwekwao mahali ambapo watu wote wauona. Kila miezi mitatu huwa na siku ya mazungumzo, ambapo wakazi husomewa ubao wao na kuulizwa la kufanya. Na kila mwezi huwa na siku ya kutenda, ya kuchimba, kufyeka na kusafisha. Katiba ya mwaka 2010 ikasema kwamba kila mtu ana haki ya kupata afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa. Mwaka 2013 serikali za kaunti 47 zilipoanza, kazi nyingi ya afya iliondoka Nairobi ikaja mikononi mwao, na sheria ikazitaka ziwashirikishe wananchi katika kupanga fedha. Kachibora ambayo zamani ingengoja neno kutoka makao makuu, sasa yaweza kwenda Kitale kudai fungu lake.

Mikutano hiyo ya bajeti ina tabia yake. Watu hudai kile kinachoonekana: jengo jipya, gari la wagonjwa, lango la hospitali. Hudai kwa sababu jengo haliwezi kukanwa, na kiongozi aliyeahidi jengo aweza kuulizwa liko wapi. Kinga haina uso. Ni nani atakayemshangilia mwakilishi wake kwa sababu ya malaria isiyotokea? Nasi wa nyanda za juu tuna sababu ya kuifikiri malaria isiyotokea. Kitale iko juu ya bahari kiasi cha mita 1,900, na wakazi wa nchi za baridi hawana kinga mwilini kama wale wa kando ya Ziwa Victoria. Ndiyo sababu milipuko iliyozikumba nyanda za juu za magharibi katika miaka ya 1940, na tena katika miaka ya 1990, iliua hata watu wazima wenye nguvu. Mlipuko wa namna hiyo haumo katika daftari la mwaka jana wala katika kilio cha mkutano wa mwaka huu. Hapo ndipo mtaalamu anapostahili kusimama na kusema neno ambalo hakuna aliyemwuliza, naye avumilie kuzomewa.

Mwaka 2023 palitokea badiliko jingine. Serikali ilizindua kundi la wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja akiwa na kaya kiasi cha 100, akapewa mkoba wenye vipimo na simu ya kuandikia habari. Jambo hili lina faida kubwa: hesabu iliyokuwa ikichukua majuma kwenda kwenye makao makuu sasa hufika siku ile ile, na mhamasishaji hulipwa, si kama wenzake wa Saradidi walioishi kwa shukrani. Lakini simu hupeleka hesabu juu bila kupita barazani. Mtoto akifariki katika kijiji kilicho chini ya Cherang'ani, mtu aliyeketi Nairobi aweza kuijua tarakimu hiyo kabla ya majirani kukutana kuzungumza kwa nini ilitokea. Ubao wa chaki ulikuwa wa polepole, na mvua iliweza kuufuta. Hata hivyo bibi aliyemleta mjukuu wake kuchanjwa aliweza kusimama mbele yake, akamwomba mtoto wa shule amsomee mstari wa vyoo na mstari wa kuharisha, akauliza kwa nini huu unapanda na ule haupandi. Mahali ambapo ubao huo bado uko, na chaki ipo, kazi ya kumsomea ni yenu ninyi mnaojua kusoma. Siku ya mazungumzo ni mara moja kila miezi mitatu, na mlango hauna kiingilio.